Wasanii wa albamu moja na hesabu isiyowafaa waimbaji wa Mombasa

KILA wapenzi wa muziki wa humu nchini wanapoulizana ni nani waliyempenda zaidi miongoni mwa wasanii waliotoa albamu moja pekee, jina la marehemu E-Sir hutajwa kabla ya mengine yote.

E-Sir, ambaye jina lake halisi lilikuwa Issah Mmari, alizaliwa mwaka wa 1981 na kukulia katika mtaa wa South C jijini Nairobi. Alifariki Machi 16, 2003 katika ajali ya barabarani alipokuwa akirejea kutoka Nakuru alikokuwa amekwenda kutumbuiza. Hakuwa ametimiza umri wa miaka 22.

Albamu yake, Nimefika, iliyotayarishwa na Ogopa Deejays, ni ya mwaka huo huo wa 2003. Humo mnapatikana vibao kama vile Boomba Train alioshirikiana na Nameless, Leo ni Leo na Hamunitishi, ambavyo hadi leo huwainua vitini watu waliokuwa wachanga wakati vilipotoka.

Wakazi wa Mombasa, ambao huwa wepesi wa kukicheka Kiswahili cha watu wa bara, hawakupata la kumcheka kijana huyo. Alizungumza haraka lakini kila neno lilisikika, na vina vyake vilikaa mahali pake. Nyimbo zake zilihanikiza katika matatu za Kisauni, Likoni na Magongo sawa na zilivyohanikiza katika zile za Nairobi, na hiyo ilikuwa kabla ya kanuni za Waziri Michuki kuanza kutekelezwa Februari 2004.

Kwa E-Sir, basi, sababu ya albamu moja ni kifo, na hakuna zaidi la kueleza.

Kundi la Kalamashaka, la vijana watatu wa Dandora, lina kisa tofauti. Wao walitoa Ni Wakati mnamo 2001, nayo ikabaki kuwa albamu yao pekee ya studio kama kundi. Hawakunyamaza baadaye. Waliungana na Ukoo Flani, kundi la vijana wa kufoka lililoanzia Mombasa, na ushirika huo ukaja kujulikana kama Ukoo Flani Mau Mau. Kuanzia hapo sauti zao zilitawanyika katika kazi za pamoja zilizobeba majina ya wengi, mathalani Kilio cha Haki ya mwaka wa 2004. Anayehesabu albamu zilizoandikwa "Kalamashaka" atapata moja. Anayefuatilia sauti zenyewe ataendelea kusikiliza kwa miaka mingi baada ya hiyo.

Mtu akishuka kutoka Nairobi hadi Mombasa, hesabu hii huzidi kumchanganya. Wapo waimbaji wa taarabu wa mji huo ambao katika orodha za santuri za Ulaya huonekana kama watu wa albamu moja, ilhali nyumbani walikuwa na nyimbo nyingi kiasi kwamba wenyewe wangepata taabu kuzitaja zote. Kuelewa jinsi hali hiyo ilivyotokea ni kuelewa jinsi muziki ulivyouzwa na kununuliwa katika mji huo kwa zaidi ya nusu karne.

ALBAMU NI NINI HASA?

Kwa desturi ya watu wa biashara ya muziki, albamu ya studio ni mkusanyiko wa nyimbo mpya zilizorekodiwa studioni na kutolewa kwa pamoja chini ya jina moja. Rekodi ya tamasha haihesabiwi, wala mkusanyo wa nyimbo za zamani.

Ndiyo maana Lauryn Hill wa Marekani bado huitwa msanii wa albamu moja. The Miseducation of Lauryn Hill ilitoka mwaka wa 1998 na kumpatia tuzo tano za Grammy mwaka uliofuata. Ile aliyoitoa mnamo 2002 ilirekodiwa mbele ya hadhira, kwa hivyo wenye kuhesabu huiweka kando. Naye Jeff Buckley, aliyekufa maji mwaka wa 1997, aliacha Grace ya mwaka wa 1994 kama albamu pekee aliyoikamilisha.

Kipimo hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Kilitokana na chombo. Sahani ya santuri ndefu, inayozunguka mara 33 kwa dakika na kubeba zaidi ya dakika 20 kila upande, ilianza kuuzwa na kampuni ya Columbia nchini Marekani mwaka wa 1948. Kabla ya hapo msanii alikuwa na sahani za nyimbo mbili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili.

Siti binti Saad wa Unguja alipopelekwa Bombay kurekodi mwaka wa 1928, chombo hicho hakikuwapo. Alifariki mwaka wa 1950, miaka miwili tu baada ya santuri ndefu kubuniwa. Kwa hesabu ya albamu za studio, malkia wa taarabu ana sufuri. Sidhani kuna Mswahili atakayekubali hesabu hiyo.

SANTURI ZA NYIMBO MBILI

Mombasa ilipokea santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, na ikabaki nayo kwa muda mrefu. Wafanyabiashara wa mjini, wakiwemo Assanand & Sons waliotoa santuri za nembo ya Mzuri, na baadaye duka la Mbwana Radio Service, ndio waliokuwa wakirekodi na kuwauzia watu wa Pwani nyimbo walizozitaka.

Biashara hiyo ilikuwa na mantiki yake. Santuri ya nyimbo mbili ilikuwa nafuu kuitengeneza na nafuu kuinunua. Mwenye duka aliweza kutoa chache, akaona kama zinapendwa, kisha akaagiza nyingine. Santuri ndefu ilihitaji nyimbo nane au kumi, siku kadhaa za studio, jalada la rangi na mnunuzi mwenye fedha za kutosha. Isitoshe, viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, safari ya karibu kilomita 500.

Kwa taarabu, santuri hiyo ndogo ilikuwa na udhia wake. Wimbo wa taarabu hutangulizwa na ala, kisha beti hufuatana kwa utulivu, na kiitikio hurudiwa. Upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika tatu au nne. Hivyo wimbo ulikatwa nusu, msikilizaji akalazimika kuinuka na kugeuza sahani mshairi akiwa katikati ya hoja yake. Au beti zilipunguzwa.

Baadhi ya kazi za miaka ya 1965 hadi 1975 zilikusanywa na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa na kutolewa mwaka wa 2005 katika mfululizo wa Zanzibara, juzuu ya pili, ambayo yote imetengewa taarabu ya Mombasa. Ni mkusanyo mzuri mno. Lakini kwa kanuni tuliyoieleza, ule ni mkusanyo, kwa hivyo hauongezi hata albamu moja kwenye hesabu ya waimbaji waliomo.

KANDA ZA HARUSI

Kisha zikaja kanda za kaseti, na mambo yakabadilika kabisa.

Kanda ya dakika 60 hubeba nusu saa kila upande, na ile ya dakika 90 hubeba dakika 45. Kwa mara ya kwanza wimbo wa taarabu uliweza kurekodiwa kwa urefu wake. Kadhalika, kanda haikuhitaji kiwanda. Duka lililokuwa na kanda asilia na mashine mbili za kunakilia liliweza kumtengenezea mteja nakala yake papo hapo.

Sasa tutazame ni wapi kanda hizo zilirekodiwa. Nyingi hazikutoka studioni. Zilitoka harusini.

Mwanamuziki wa taarabu wa Mombasa hakuishi kwa mauzo ya santuri wala kanda. Riziki yake ilikuwa malipo ya kualikwa harusini, pamoja na fedha alizotuzwa na waalikwa, hasa kina mama, waliokuja mbele mmoja mmoja kutuza ubeti uliowagusa au uliomgusa jirani waliyetaka ausikie. Rekodi ilikuwa tangazo. Kanda ikipendwa, mwaliko unaofuata ulikuja na bei yake ilipanda.

Harusi zenyewe hazikuwa za kisiwani tu. Mji ulipozidi kujaa, familia nyingi zilihamia na kujenga bara, na wanamuziki wakawafuata huko. Aliyealikwa Kisauni alivuka Daraja la Nyali, ambalo hili la sasa lilifunguliwa mwaka wa 1980. Aliyealikwa Changamwe alipitia Makupa. Aliyealikwa Likoni hakuwa na njia ya mkato ila feri, akiwa na vinanda, ngoma na vipaza sauti ndani ya gari, akisubiri zamu yake kwenye foleni. Likoni basi ilikuwa na kawaida ya kuchelewesha harusi, au harusi kungojea Likoni, inategemea unamuuliza nani.

Katika mazingira hayo ndipo tunapomkuta Maulidi Juma na kundi lake la Maulidi Musical Party. Jina lake kwa watu wa Mombasa lilihusishwa na harusi moja kwa moja. Alikuwa hodari wa nyimbo za mahadhi ya Kihindi na vilevile za mdundo wa chakacha, na kundi lake lilijua ni wakati gani wa usiku wa kupiga hizi na wakati gani wa kupiga zile.

Kampuni ya GlobeStyle ya London ilipokuja kurekodi Mombasa, albamu aliyoitoa Maulidi kupitia kwao mwaka wa 1990 ilipewa jina Mombasa Wedding Special. Waliochagua jina hilo walikuwa wameelewa. Kampuni hiyo hiyo ilimtoa Zein l'Abdin katika Mtindo wa Mombasa, na kisha bingwa wa chakacha Zuhura Swaleh katika Jino la Pembe.

Zein, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi aliyefariki mwaka wa 2016, alipata baadaye kurekodiwa tena na kampuni za nje. Lakini kwa Maulidi na Zuhura, msikilizaji wa Ulaya aliyeingia dukani katika miaka ya 1990 alikuta albamu moja moja. Kwake hao walikuwa wasanii wa albamu moja. Kwa bibi wa Kisauni aliyekuwa na kanda zao tele sandukuni, hilo lingekuwa jambo la kuchekesha.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo. Alizaliwa Malindi mwaka wa 1942, akaishi na kuimba Mombasa, akastaafu uimbaji mwaka wa 2007 na kufariki mwaka wa 2014. Mashairi kadhaa aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwandishi wa diwani ya Malenga wa Mvita. Watu wa Pwani hawaulizani Bhalo alikuwa na albamu ngapi. Huulizana una kanda yake ipi.

HOTELI NA MATANGA

Si taarabu peke yake iliyokwenda hivyo. Huko Frere Town, upande wa Kisauni, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, mpiga saksafoni Joseph Ngala na bendi yake ya Bahari Boys walizaa mtindo wa bango. Mtindo huo unachanganya jazi, midundo ya Kimijikenda na ladha ya taarabu, na ulipata jina lake kutokana na wimbo wa Ngala wa miaka ya 1980. Soko lake lilikuwa harusi na matanga. Hapo pia anayelipa ni mwenye shughuli, wala si mnunuzi wa albamu.

Bendi za hotelini nazo zililipwa kwa mkataba wa kupiga kila usiku. Them Mushrooms walikuwa wakiwatumbuiza watalii katika hoteli ya Severin Sea Lodge, Bamburi, walipopata umaarufu kwa Jambo Bwana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wao wana albamu nyingi. Lakini tukumbuke kwamba mwaka wa 1987 walihamia Nairobi, zilikokuwa studio kubwa na kampuni za santuri. Waliobaki Mombasa waliendelea kulipwa kwa usiku mmoja mmoja, na usiku ukiisha hauachi albamu.

HASARA IKO WAPI?

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya wenye nafasi. Ikiwa watu walifurahi na waimbaji walilipwa, albamu ni ya nini?

Jibu liko katika kile kinachosalia. Albamu huacha ushahidi: tarehe, jina la mtunzi, majina ya wapiga ala, jina la mwenye rekodi. Kanda iliyonakiliwa dukani huacha jina la mwimbaji lililoandikwa kwa kalamu, na pengine namba. Wakati nyimbo hizo zinapochukuliwa na kuwekwa katika intaneti, au zinapogeuzwa kuwa milio ya simu, mrithi wa mwimbaji hulazimika kuthibitisha kile ambacho hakuna aliyekiandika.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inatofautisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kuna haki ya mtunzi juu ya maneno na lahani, ambayo hudumu hadi miaka 50 ipite tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kisha kuna haki juu ya rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, ambayo hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa.

Kwa E-Sir hesabu ni rahisi. Alifariki mwaka wa 2003 na albamu ni ya mwaka wa 2003. Haki juu ya yale aliyoyatunga mwenyewe na haki juu ya rekodi hiyo zitakwisha siku moja, Desemba 31, 2053. Kwa jinsi hiyo, familia yake na watayarishaji wake wanajua wasimamapo.

Hebu tuchukue sasa santuri ya taarabu iliyorekodiwa Mombasa mwaka wa 1970. Haki ya rekodi hiyo ilikwisha mwishoni mwa 2020. Yeyote anaweza kuitoa upya bila kumlipa mwenye duka aliyeirekodi. Lakini wimbo uliomo ungali na mwenyewe. Iwapo ulitungwa na mwimbaji aliyefariki mwaka wa 2014, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2064. Iwapo maneno yalitungwa na mshairi mwingine, hesabu hufuata mwaka aliofariki mshairi huyo. Na iwapo lahani ilichukuliwa kutoka katika filamu ya Kihindi, jambo lililokuwa la kawaida sana Mombasa, basi lahani hiyo ina mwenyewe mwingine huko Bara Hindi.

Wimbo mmoja, watu watatu au wanne. Bila maandishi, anayefaidika ni yule aliyewahi kuupakia mtandaoni.

Fauka ya hayo, kanda zenyewe zinakufa. Utepe wa kaseti umepakwa unga wa sumaku ulioshikiliwa na gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Hewa ya Mombasa ina joto na unyevunyevu mwaka mzima. Utepe huota ukungu, hushikamana, au unga hubanduka na kubaki kwenye kichwa cha mashine. Mashine zenyewe zimekuwa adimu, na mafundi wanaojua kuzitengeneza wanazeeka.

Kwa hivyo kizazi kijacho huenda kikamjua Maulidi kwa Mombasa Wedding Special pekee, na Zuhura kwa Jino la Pembe pekee. Watakuwa wasanii wa albamu moja kwa kweli, kwa vile zilizobaki zitakuwa zimeliwa na chumvi katika makabati ya Likoni na Kisauni.

Vijana wa leo wa Mombasa, wanaotoa wimbo mmoja mmoja mtandaoni, wamerudia desturi ya santuri ndogo bila kujua. Tofauti ni kwamba wimbo wao huingia sokoni ukiwa na tarehe yake na jina lake. Wanaweza pia kusajili kazi zao kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Usajili si sharti la kulindwa na sheria, lakini cheti husaidia panapotokea mzozo.

Kwa familia zenye kanda za zamani, wanaohifadhi sauti hushauri zisichezwe ovyo ili kujaribu tu kama zingali nzima, maana mchezo huo mmoja huenda ukawa wa mwisho. Kwanza zikaushwe mahali penye hewa na kivuli, kisha zinakiliwe kwenye kompyuta mara ya kwanza zinapochezwa. Na kabla ya yote, akiwapo mzee aliyehudhuria harusi hiyo, aulizwe ilikuwa ya nani, mwaka gani na mtaa upi, ni nani aliyepiga tashkota na nani aliyetunga maneno, na majibu yaandikwe kwenye karatasi itakayokaa ndani ya kasha pamoja na kanda.